Sema kazi yako kwanza, ndipo uchague akili mnemba

Wanachuo wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) wanaokuja kuprinti kwenye steshenari yangu hawaishi kuniuliza, "Dada, akili mnemba ipi kali?" Nami nawauliza wameshika nini mkononi: makabrasha, rekodi, picha au hesabu?

Mwenye noti za PDF za muhula mzima, au katibu mwenye mihtasari ya vikao, namwelekeza NotebookLM ya Google. Unapakia nyaraka zako, nayo inajibu kwa kuzitegemea hizo, na jibu linakuja na kinamba cha kukurudisha kwenye aya lilikotoka. Ijaribu kwa kuuliza jambo unalojua kabisa kwamba halimo. Ikisema halimo, endelea nayo. Ikianza kukusimulia, kila jibu lihakiki kwenye aya yake.

Anayetafuta habari za nje ajaribu Perplexity, inayoambatanisha viungo. Ila kiungo kifunguliwe na kusomwa! Kuna tasnifu nimezijalidi zenye marejeo ambayo nina hakika mwenyewe hakuyaona. Kwa barua ya maombi ya kazi au kunyoosha Kiingereza, programu za kupiga nazo soga kama ChatGPT, Claude na Gemini zote zinafaa. Sioni sababu ya watu kugombana hapo.

Rekodi ndiyo yenye kazi. Whisper ya OpenAI hugeuza sauti kuwa maandishi, Kiswahili kikiwemo, na ukiiweka kwenye kompyuta yako hulipi kitu. Lakini ile ya mwaka 2022 ilifunzwa kwa saa 680,000 za sauti, na karibu theluthi mbili zilikuwa Kiingereza, kwa hiyo usitegemee itusikie sisi kama inavyowasikia wao. Kata dakika mbili tu za kikao chako, zile zenye kelele na watu wanaodakiana maneno. Zipitishe, kisha sikiliza huku ukifuatisha maandishi kwa kidole. Koma zisikushughulishe, angalia majina na tarakimu. Mpwapwa imeandikwaje? Laki tatu imebaki laki tatu? Vikiharibika hivyo, muda wa kusahihisha utazidi wa kuandika mwenyewe. "Mbukwenyi", salamu ya Kigogo, ya mzee wa Chamwino isamehe.

Mkulima mwenye picha ya jani asiipeleke kokote tu. Nuru ya PlantVillage, programu ya simu, ilitengenezwa kutambua magonjwa ya mihogo, ina Kiswahili na hufanya kazi bila intaneti. Mwenye zabibu zake Hombolo namshauri apeleke jani lenyewe kwa wataalamu wa taasisi ya utafiti wa kilimo, TARI Makutupora.

Hesabu za VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopa? Usiiambie programu ya kupiga nayo soga ijumlishe michango. Iombe ikuandikie fomula, Excel ijumlishe, nawe ukague mistari michache kwa kikokotoo.

Kabla ya kupakia chochote, futa majina, namba za simu na za kitambulisho cha taifa (NIDA). Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na daftari la wanachama si mali yako peke yako.

Kulipia kuje mwisho. Chukua kazi uliyokwisha kuimaliza kwa mkono, ile ambayo majibu yake unayajua, uipitishe kwenye matoleo ya bure ya programu mbili. Ukikwama kwa sababu toleo la bure limefikia kikomo chake, hapo lipia mwezi mmoja. Ukikwama kwa sababu majibu ni mabovu, hela yako kaa nayo.