Jaribu desktopu tatu za Linux kwa flashi moja kabla hujachagua

Wengi wanaotaka kuhamia Linux, mfumo huru wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, wanakwama mlangoni, wanauliza ipi bora, wanatajiwa majina kumi, wanachoka, wanabaki walipo. Lakini jamani huo wingi wa majina sio fujo, una faida kubwa. Desktopu ni ile sura ya skrini, menyu na madirisha unayotumia, na Linux inazo nyingi. Desktopu ya KDE ilianza 1996 ikiwa imejengwa juu ya Qt, zana za kuundia programu, ambayo leseni yake kipindi hicho haikuwa huru, ndo 1997 wengine wakaanzisha desktopu nyingine, GNOME, presha ikawa presha mpaka Qt ikatolewa kwa GPL, leseni huru, mwaka 2000. Halafu GNOME 3 ilivyokuja 2011 na sura mpya kabisa, waliopenda menyu ya zamani hawakulazimishwa kuimeza, zikapatikana desktopu za MATE na Cinnamon. Kwa hiyo chaguo lipo, kazi yako ni kulitumia.

Chukua flashi ya GB 32 isiyo na kitu cha maana, maana itafutwa yote. Weka Ventoy humo, programu ya kuwashia mashine kwa ISO zilizo kwenye flashi, kisha shusha ISO, yaani faili lenye mfumo mzima, ya matoleo haya ya Linux: Fedora Workstation (hiyo ni GNOME), Kubuntu (KDE) na Linux Mint Xfce (Xfce ni desktopu nyepesi), uzikopi kwenye flashi kama unavyokopi muziki, basi. Bando likibana anza na Mint peke yake.

Zima mashine, washa huku unagonga F12 kwa Dell na Lenovo nyingi, HP mara nyingi ni Esc halafu F9. Menyu ya Ventoy itakuorodheshea ISO zako, chagua moja, uitumie bila kuiweka kwenye diski, Windows yako haiguswi. Ikikataa, huenda ni Secure Boot, ulinzi unaozuia mifumo isiyotambulika kuwaka, unaweza kuizima kwenye BIOS (mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka), ila kama Windows ina BitLocker, inayofunga diski kwa siri, hifadhi kwanza ile recovery key (namba ya kuifungulia) pembeni, tafadhali sana usiruke hapo.

Sasa usihukumu kwa picha ya ukutani. Unganisha wifi, piga video usikie sauti, funga mfuniko ufungue uone kama inaamka vizuri, chomeka projekta kama kazi yako inaihitaji. Fungua terminal, dirisha la kuandikia amri, andika free -h, angalia namba ya used, yaani RAM inayotumika, kisha fungua Firefox na tabu zako za kila siku uangalie tena. Kwa laptopu ya RAM GB 4 mimi naanza na Xfce, inaacha nafasi ya kupumua. Kuchelewa kuwaka kusikutishe, flashi ni polepole kuliko diski.

Ukishaweka unayoitaka bado hujafungwa. Kwenye Kubuntu andika sudo apt install xfce4, toka, na pale pa kulogini utachagua Xfce au KDE. Na ukihama kwa sababu kitu hakifanyi kazi, waandikie wenye mradi ulioacha, taja modeli ya laptopu, vesheni, ulibonyeza nini na kikatokea nini, maana hawawezi kurekebisha wasichokijua.