Kupima maoni ya wakulima wa Mbeya kwa data za mitandao ya kijamii

Swali liwe finyu. “Wananchi wanaonaje kilimo?” halipimiki. “Kati ya Oktoba na Januari, wanaochangia kuhusu mbolea ya ruzuku mkoani Mbeya wanalalamikia nini: bei, kuchelewa au usajili?” linapimika.

Maneno ya kutafutia yajumuishe “ruzuku”, “DAP”, “urea” na makosa ya uandishi kama “mborea”. “Mbeya” peke yake itakujazia mechi za Mbeya City. Iambatanishe na mbolea, au taja Uyole, Mbalizi na Tukuyu. YouTube ina njia rasmi ya kupakua maoni bila malipo, kwa ukomo wa kila siku. Makundi ya WhatsApp usiyaingie kimyakimya, waliomo hawakukubali kuchunguzwa. Kwa kuwa kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, badili majina kuwa namba siku ileile. Ripoti isinukuu maoni neno kwa neno, kwani ukiyatafuta mtandaoni unampata mwenyewe.

Futa nakala zilizosambazwa, kisha hesabu watu badala ya maoni: mwenye hasira mmoja huweza kuandika mara thelathini.

Kazi nzito ni kuainisha kila oni: ni bei, kuchelewa au usajili, ni lawama au shukrani. Chagua maoni 400 kwa bahati nasibu, wasomaji wawili wayaainishe kila mmoja peke yake, kisha kokotoa kappa ya Cohen, kipimo cha jinsi wanavyokubaliana kuliko kwa bahati tu (1 ni kukubaliana kabisa). Ikishuka chini ya 0.7, tatizo mara nyingi ni maelekezo. Yaandikeni upya na mrudie. Wasomaji wawe watu wa huku, wanaosikia Kinyakyusa au Kisafwa kinapochanganywa. “Asanteni kwa DAP, mahindi yameshatoa mbelewele” programu ya kompyuta ya kuainisha itaiweka kwenye shukrani. Ni lawama kali: DAP ni mbolea ya kupandia, hapo imechelewa mno.

Usidanganywe na wingi. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilikusanya majibu zaidi ya milioni 2, likamtabiria Alf Landon ushindi wa urais, na mpinzani wake Franklin Roosevelt akashinda kwa kishindo. Orodha zake zilitegemea sana wenye simu na magari, na wengi waliotumiwa kadi za maswali hawakujibu. Mkulima wa Rungwe asiye na simu janja naye hayumo kwenye data yako. Maoni 400 yanakupa kosa la sampuli la takriban asilimia 5 juu au chini kwa rundo ulilokusanya, si kwa mkoa.

Kwa hiyo peleka swali lilelile vijijini, uwahoji na wasio na intaneti. Majibu yakipishana, chapisha yote mawili, na yale ya mtandaoni yaandike “waliochangia mtandaoni”, kamwe si “wana-Mbeya”.