Tamthilia imechuja? Pima kabla ya kuiacha

Usiihukumu tamthilia kwa sehemu moja mbovu. Katikati ya msimu mrefu huwa kuna sehemu za kujazia, nyingine zikirekodiwa karibu zote ndani ya chumba kimoja ili bajeti ibaki kwa ajili ya mwisho. Tazama tatu mfululizo, kisha jiulize: kuna mhusika aliyefanya uamuzi asioweza kuutengua? Kama waliokufa wanafufuka na wapenzi wanaachana na kurudiana kwa sababu ileile, hadithi ilishakwisha, inavutwa tu.

Angalia pia majina ya waandishi yanayopita mwanzoni au mwishoni. Mwandishi mkuu akiondoka kati ya misimu, ladha huondoka naye, hata waigizaji wakibaki walewale. Hili watu wengi hawaliangalii kabisa.

Halafu piga hesabu. Game of Thrones ina sehemu 73, na misimu miwili ya mwisho ni sehemu 13 tu. Aliyefika hapo amalizie. Lakini zikibaki 60 za dakika 45, hizo ni saa 45 nzima. Hapo ruka hadi sehemu mbili za mwisho za msimu. Ukizielewa bila kumuuliza mtu, hukupitwa na kitu.