Hesabu za ligi ya vijana mtaani: ada ipangwe vipi, fedha itunzwe wapi

Anza na idadi ya mechi. Timu 8 zikikutana mara moja moja ni mechi 28. Tuseme kila mechi ina posho ya mwamuzi wa kati sh. 15,000, wasaidizi wawili sh. 10,000 kila mmoja, maji sh. 6,000 na chokaa ya mistari sh. 4,000. Jumla 45,000, mara 28 ni 1,260,000. Ongeza mipira minne na sanduku la huduma ya kwanza, 200,000 (bei zenyewe kaulizie Kariakoo), kisha asilimia 10 ya dharura. Inakuja 1,606,000, yaani 200,750 kwa timu.

Ada ilipwe yote kabla ya ratiba kutoka. Hapa ndipo ligi nyingi hufia. Timu inayojitoa mapema haiumizi sana, maana mechi zake nazo zinapungua. Inayoumiza ni ile iliyolipa nusu na bado inacheza. Zote zikilipa nusu, ukishanunua vifaa unabaki na 603,000: mechi 13 tu. Ya 14 waamuzi wanagoma, na wana haki.

Fedha iingie kwenye akaunti ya kikundi yenye watia saini watatu, wawili kati yao watoshe kutoa. Isipite kwenye simu ya mweka hazina, hata akiwa mwaminifu kama nani. Ikichanganyika na ya nyumbani, hakuna atakayeitenganisha.

Daftari liwe na tarehe, maelezo, namba ya risiti, kuingia, kutoka, salio. Makato ya miamala yapewe mstari wake. Salio la daftari likipishana na la benki kwa shilingi mia chache, mara nyingi ni hayo. Mwamuzi asaini siku hiyo hiyo, palepale uwanjani.

Ahadi ya mfadhili si fedha. Iandike ukurasa wa nyuma mpaka ifike. Akileta jezi, ziingie kwenye orodha ya vifaa, zisiongeze salio.

Kwa msimu unaoangukia masika, Machi hadi Mei, kubalianeni mapema posho ya mechi iliyovunjwa na mvua. Nusu inatosha, itoke kwenye dharura.

Kombe na medali nunueni mwisho, kwa kilichobaki.