Kabla Hujamleta Paka Nyumbani

Hapa Dar paka wengi huingia nyumbani kwa sababu ya panya. Mtu anaamka anakuta kiroba cha mchele kimetobolewa, au panya kapita juu ya neti ya mtoto, na asubuhi hiyohiyo anaanza kuuliza majirani nani ana paka aliyezaa. Jibu halichelewi: "Wapo wanne, njoo uchague, wala hali sana huyu." Jioni mnyama yuko ndani ya boksi la sabuni na hakuna aliyekaa chini kulifikiria jambo lenyewe. Kumtaka paka kwa ajili ya panya si vibaya. Vibaya ni kumchukua kama mtego, kwamba panya wakiisha naye kaisha. Paka anayetunzwa vizuri huishi miaka 12 hadi 15, na wapo wanaofika 20. Mtoto aliye chekechea leo anaweza kumaliza kidato cha sita na paka bado yupo. Kwa hiyo yako mambo ya kukubaliana kabla boksi halijafunguliwa, na wakubaliane watu wote wa nyumba, kwa sababu mzigo wa paka mara nyingi hubebwa na mtu mmoja ambaye hata hakuulizwa, mara mama, mara dada wa kazi.

Anza na mwenye nyumba. Wengi wetu ni wapangaji, na katika nyumba ya vyumba vingi uani ni kwa wote: pana majiko ya mkaa, ndoo za maji, nguo kwenye kamba, pengine na kuku wa mama mwenye nyumba. Omba ruhusa mapema, tena wapangaji wenzako wakisikia. Paka akishakula vifaranga wa mtu ugomvi umeanza, na ugomvi wa namna hiyo mara nyingi humalizwa kwa kipande cha samaki chenye sumu. Ndani kwako nako, uliza kama yupo mwenye pumu au mafua ya aleji. Kinachowasumbua watu hao ni protini iliyo kwenye mate na ngozi ya paka, hivyo kumwogesha au kumnyoa hakumalizi tatizo. Mwenye wasiwasi akakae kwanza kwa jirani mwenye paka, mara mbili tatu, aone kifua chake kinasemaje.

Swali ninaloliona zito kuliko yote ni hili: mkihama, paka anakwenda wapi? Jiji hili watu wanahama sana. Kodi inapanda, kazi inabadilika, kiwanja cha Chanika au Mbagala kimepauliwa, na siku ya kuhama kila kitu kina nafasi yake isipokuwa paka. Wahenga walisema paka wa nyumba haingwa. Sisi hatumfukuzi, lakini tunapakia vyombo na kumwacha mlangoni.

Nimemwona paka wa hivyo Mwananyamala. Wenyewe walipakia kirikuu asubuhi, makochi, friji, hadi ungo wa dishi, naye yuko juu ya ukuta anaangalia. Baada ya hapo kila magharibi alishuka kwenye kizingiti cha mlango uleule, saa aliyozoea kupewa vichwa vya samaki, akakaa mkia umezungushwa miguuni, anatazama mlango. Wapangaji wapya walimmwagia maji. Haukupita muda manyoya ya mgongoni yakagandamana na mbavu zikawa za kuhesabika. Watu walikuwa wakisema atajitafutia. Paka aliyekua kwenye sahani hawezi kuwa paka shume kwa siku moja. Anaingia kwenye eneo ambalo tayari lina wenyewe, anapigwa, anaumwa, anakufa polepole. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, ambayo inamtaka mwenye mnyama amtunze na inakataza ukatili. Hata kabla ya sheria hiyo, wengi wetu huku pwani tumelelewa na hadithi ya Mtume Muhammad kuhusu yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka: alimfungia, hakumlisha, wala hakumwachia akajilia wadudu wa ardhini.

Basi kabla ya kumchukua, nunua chombo cha kumsafirishia. Lile tenga la kubebea kuku linatosha likifunikwa vizuri, na boksi gumu lenye matundu linafaa kwa safari fupi ya bajaji. Liache wazi chumbani alale humo alizoee. Siku ya kuhama mfungie chumba kimoja kabla wapakiaji hawajaanza kelele, awe wa mwisho kutoka, asafiri na mtu, asiwekwe chini ya magodoro. Anayekaa bondeni, Kigogo au Mkwajuni, tenga hilohilo aliweke karibu wakati wa masika, maana maji ya Msimbazi yakija hayatoi nafasi ya kumtafuta paka chini ya kitanda. Na kama unajua kwamba huendako hutaweza kwenda naye, awepo mtu aliyekubali kumpokea, kwa kauli yake mwenyewe, kabla hujamleta.

Linalofuata kwa uzito ni uzazi. Paka jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano, wakati wewe bado unamwona mtoto. Mimba huchukua siku 63 hadi 65 hivi, huzaa watoto watatu hadi watano kwa kawaida, na anaweza kushika nyingine angali ananyonyesha. Piga hesabu mwenyewe ya mwaka mmoja. Wale wa kwanza hupata wa kuwachukua. Wa pili majirani wanaanza kukwepa. Wa tatu hutiwa kwenye kiroba usiku, wakaachwa sokoni au jalalani, na aliyewaacha anajiambia kuwa pale mabaki ya samaki hayakosekani. Mtoto wa paka asiyefikisha wiki nane bado anamhitaji mama yake. Wa wiki mbili hawezi hata kuitafuna hiyo samaki.

Dawa yake inajulikana. Daktari wa mifugo humfunga kizazi jike na kumhasi dume, kwa kawaida kuanzia miezi minne hadi sita, mnyama akiwa amelazwa kwa nusu kaputi. Jike anahitaji siku kumi hivi za kukaa ndani na kuangaliwa mshono asiulambe. Dume hupona haraka zaidi. Wapo wanaoona huruma, wakasema unamnyima mnyama haki yake ya kuzaa. Naielewa huruma hiyo, ila naona imeelekezwa pasipo. Wa kuhurumiwa ni wale walio ndani ya kiroba. Tena dume asiyehasiwa hutoka usiku kupigana, hurudi na majipu ya meno ya wenzake, huambukizwa magonjwa kwa kung'atwa, na hunyunyizia mkojo kwenye kuta na mapazia, harufu ambayo ndiyo humfanya mwenye nyumba aseme basi, mtoeni. Ulizia bei kwa madaktari wawili au watatu kabla, uanze kuweka akiba. Kama fedha hiyo haipo na huoni itakavyopatikana ndani ya miezi michache, subiri. Panya wana dawa nyingine: ziba matundu chini ya milango, weka mchele kwenye ndoo yenye mfuniko, na usilaze mabaki ya chakula nje.

Chakula nacho kina mazoea ya kuacha. Paka ni mla nyama kwa maumbile yake. Ugali uliolowekwa mchuzi unamjaza tumbo tu. Mwili wake hautengenezi vya kutosha kirutubisho kiitwacho taurini, na huipata kwenye nyama na samaki. Akiikosa kwa muda mrefu moyo hudhoofika na macho huweza kupofuka. Dagaa, vichwa vya samaki, mapupu, firigisi na mioyo ya kuku ni vitu vya bei ya kawaida sokoni. Vichemshe bila chumvi, na bila kitunguu maji wala kitunguu saumu, kwa kuwa vyote viwili huharibu damu ya paka. Ndiyo maana rosti ya mezani haimfai hata ikiwa na nyama. Dagaa wenye chumvi waroweke na umwage maji. Mfupa uliopikwa huvunjika vipande vikali, utoe. Maziwa ambayo kila mtu anadhani ndiyo chakula cha paka, wengi wakishakua huwaharishia. Maji safi yanatosha, na kwa joto la Januari na Februari yabadilishwe zaidi ya mara moja kwa siku. Mlishe ndani, vinginevyo unalisha kunguru. Na lile neno la kwamba paka akishiba hawindi, liachwe. Paka huwinda kwa silika hata ameshiba, na mwenye afya humzidi panya kwa mbio kuliko aliyedhoofika kwa njaa.

Choo: beseni pana lenye mchanga au maranda ya fundi seremala, mahali patulivu mbali na sahani yake, na uchafu utolewe kila siku. Hapo kwenye kila siku pana sababu kubwa. Kuna kimelea kiitwacho toksoplasma ambacho paka huweza kukitoa kwenye kinyesi, na ni hatari kwa mimba. Lakini kinyesi kibichi hakiambukizi papo hapo. Kimelea huhitaji siku moja hadi tano kukomaa. Mchanga ukisafishwa kila siku na mtu mwingine asiye mjamzito, mikono ikaoshwa kwa sabuni, mboga zikaoshwa na nyama ikaiva sawasawa, hakuna haja ya kumtupa paka kwa sababu mama wa nyumba ana mimba. Paka wengi wametupwa kwa sababu hiyo, na inaniuma, kwa kuwa zuio lake ni beseni na koleo.

Sasa sumu, na hapa nataka tusikilizane vizuri. Kila mtaa wa Dar unamjua yule machinga mwenye kipaza sauti: sumu ya panya, mende, kunguni, viroboto. Vipakiti vingi havielezi hata ndani mna nini. Paka akimla panya aliyekula sumu, naye anaweza kufa. Kwa hiyo ukishamleta paka, sumu ya panya ndani ya nyumba basi, na umwombe jirani wa ukuta mmoja naye akuambie kabla ya kuweka yake. Dawa ya viroboto ya mbwa usimpake paka. Nyingi zina pemethrini, ambayo paka haivumilii, anatetemeka na kukakamaa hadi kufa. Na Panadol. Paka akionekana ana homa, mtu mwenye nia njema humsagia kidonge. Kidonge kimoja cha parasetamoli kinatosha kumuua paka mzima. Hata nusu usimpe, wala ya maji ya watoto. Mwenye gari naye agonge boneti kabla ya kuwasha asubuhi, maana paka hupenda joto la injini.

Mtafute daktari wa mifugo kabla hujamhitaji, uwe na namba yake kwenye simu. Maduka ya pembejeo huuza dawa za minyoo, ila kipimo hutegemea uzito, na paka mdogo hamfai kipimo cha kubahatisha. Chanjo za magonjwa ya paka huanza akiwa na wiki nane au tisa hivi na hurudiwa. Ya kichaa cha mbwa hutolewa akifika miezi mitatu, kisha hurudiwa kwa ratiba ya daktari, maana ugonjwa huo, pamoja na jina lake, humpata paka pia na paka humwambukiza mtu. Dai kadi yenye tarehe. Mtu akiumwa au kuparuzwa hadi damu na paka asiyejulikana, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, aende hospitali siku hiyohiyo. Asingoje dalili, kwa sababu kichaa kikishaonyesha dalili hakitibiki.

Mambo mawili hayasubiri kesho: dume anayechuchumaa mara kwa mara bila kutoa mkojo, kwani njia imeziba na anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili, na paka aliyekataa chakula kwa siku mbili. Mengine mpigie daktari, ueleze unachokiona.

Ukiwa umeyajibu hayo, kamchukue akiwa na wiki nane walau, kumi na mbili ni bora. Mchukue siku ambayo mtu anashinda nyumbani. Mweke chumba kimoja chenye maji, chakula na beseni lake, madirisha yakiwa na wavu. Ataingia chini ya kitanda, mwache huko. Watoto waambiwe mapema: havutwi mkia, haamshwi akilala, habebwi kwa mguu, na akitaka kushuka anaachwa. Kaa naye sakafuni bila kumfukuzia. Ataanza kukunusa mwenyewe. Asitoke nje wiki mbili au tatu za kwanza, hata akilia mlangoni, ili ajue kwamba hapa ndipo kwake. Siku ya kumfungulia iwe jioni kabla hajala, wewe ukiwa uani, na sahani yake ya dagaa iwe tayari ndani.