Pikipiki yako iwekee oili ya kawaida au sintetiki? Anza kusoma nyuma ya kopo

Hili swali kijiweni haliishi, na watu wanagombana kabisa, huyu anasema sintetiki (oili iliyoundwa kiwandani kwa kemikali, wakati ya kawaida inachujwa kutoka mafuta ghafi) ndo kila kitu huyu anasema sintetiki inaua injini za Mchina. Mimi mtu akiniuliza namrudishia maswali matatu kwanza: pikipiki gani, inapiga kazi gani, na oili unamwaga baada ya kilomita ngapi. Bila hayo hata ukiweka oili ya bei gani unabahatisha tu.

Kitu cha kwanza kukielewa ni kwamba pikipiki sio gari ndogo. Kwenye gari oili ya injini kazi yake ni injini, gia zina oili yake na klachi iko kavu huko kivyake. Kwenye Boxer, TVS, na hizi zote za muundo wa Honda CG, yaani nyingi za Mchina, oili ni moja tu, inalainisha pistoni, inazungusha gia, na pleti za klachi zinaogelea humohumo. Sasa oili nyingi za kisasa za gari, hasa zile nyepesi za 0W-20 na 5W-30, zina dawa ya kupunguza msuguano ili gari ile mafuta kidogo. Kwa gari ni sawa kabisa, ila klachi yako inaishi kwa msuguano, ukiuondoa pleti zitashikana na nini?

Hili nimelipata mwenyewe. Niliuziwa kopo la oili ya gari, sintetiki, 5W-30, muuzaji akaniambia kaka hii ukiweka umemaliza. Siku kadhaa mbele nina mifuko miwili ya simenti napanda Makongo Juu, gia namba mbili, nafungua mafuta injini inalia mpaka mwisho lakini pikipiki haisogei, nikajua mnyororo umetoka. Nikashuka nikaangalia, mnyororo upo, ila kuna harufu ya kitu kilichoungua inatoka upande wa klachi. Fundi alipofungua pleti zilikuwa zinang'aa kama mgongo wa kijiko, na pembeni zimekuwa nyeusi. Nikanunua seti mpya ya pleti, oili nyingine, na siku nzima ya kazi imeenda. Watu pale wakasema umeona, sintetiki hiyo. Hapana jamani, kosa halikuwa sintetiki, kosa lilikuwa oili ya gari kwenye klachi ya pikipiki.

Kwahiyo kabla hujauliza sintetiki au ya kawaida, geuza kopo utafute maandishi JASO MA au JASO MA2. Hicho ni kipimo cha Wajapani, kipo tangu 1998, maana yake oili imepimwa na haitelezeshi klachi inayoogelea. Ukiona JASO MB hiyo ni ya skuta za otomatiki ambazo klachi yake iko kavu, usiiweke kwenye pikipiki ya gia. Na ukiona kwenye duara la API, kipimo cha Wamarekani, wameandika "Resource Conserving" au "Energy Conserving", rudisha kopo kwenye shelfu.

Halafu angalia namba za uzito. 20W-50, 10W-40, 10W-30, ile ya kwanza yenye W inaonyesha oili inavyotembea ikiwa baridi na ya pili inavyobaki nzito injini ikishachemka. Dar hapa asubuhi hamna baridi ya maana, na injini inapozwa na upepo, ukikaa kwenye foleni ya Mandela saa nane mchana huo upepo wenyewe haupo, ndo maana 20W-50 kwa Boxer inakaa vizuri. Walioko Makete au Njombe ambako asubuhi kiki inagoma, 10W-40 itawafaa zaidi. Ila kitabu cha pikipiki yako kikisema namba nyingine fuata kitabu, sio mimi wala jirani wa kijiweni.

Sasa ndo tuje kwenye sintetiki. Sintetiki ni bora kweli, inavumilia joto kali bila kuungua na kuacha ukoko, na gia zinachelewa kuikata uzito. Ile hali ya gia kuwa ngumu na kukataa kuingia, mara nyingi ni oili imeshakatwakatwa na meno ya gia. Lakini fanya hesabu ya mfukoni. Tuseme lita ya kawaida ni elfu 12 na unamwaga kila kilomita 2,000, hapo kila kilomita inakula shilingi 6. Sintetiki tuseme ni elfu 36, ili ikulipe sawasawa inabidi utembee nayo kilomita 6,000. Na injini za CG hazina filta ya karatasi, kuna chujio la wavu na kile kikombe kinachozunguka basi, kwahiyo vumbi la klachi na unga wa chuma vinabaki vinazunguka humo kwenye ka-lita kamoja, haijalishi oili ni ya daraja gani. Mimi kilomita 6,000 kwa injini hiyo sithubutu.

Kwahiyo bodaboda wa kila siku, kilomita 120 kwa siku na hesabu ya tajiri inakusubiri, weka ya kawaida yenye JASO MA na imwage kila 1,500 mpaka 2,000. Kwa mbio hizo ni kila wiki mbili, mbili na nusu hivi. Nusu sintetiki, yaani mchanganyiko wa hizo mbili, ukiipata kwa bei nzuri ni sawa pia. Sintetiki kamili iende kwa mwenye pikipiki ya kupozwa na maji, injini inayozunguka kwa kasi kubwa, yenye filta ya karatasi, au anayepiga safari ndefu za barabara kuu. Pikipiki mpya iache na ya kawaida mpaka ringi zizoeane na silinda, na ile oili ya kwanza usichelewe kuimwaga.

Na yale maneno kwamba ukishaanza sintetiki huwezi kurudi, si kweli, unarudi muda wowote. Kwamba inavujisha sili, sili nzima haivuji, ila kwenye injini chakavu inaweza kusafisha uchafu uliokuwa umeziba pengo ndo uone tone.

Oili ya kupima kutoka kwenye dumu mimi siigusi, hujui ina nini wala imetoka wapi. Nunua kopo lenye sili, na likiisha litoboe kabla ya kulitupa, maana kuna watu wanayaokota wakayajaze upya.

Kumwaga, washa injini dakika mbili tatu ipate joto, zima, fungua nati ya chini uache itiririke mpaka itone tone moja moja. Paka ile ya kwanza kwenye vidole viwili usugue. Weusi tu usikutishe, ila ukihisi mchanga au ukiona vumbi la rangi ya fedha linalometameta juani, peleka kwa fundi kabla hujaweka mpya. Nati usiikaze kwa hasira, uzi wake uko kwenye aluminiamu, ukichanika ni kazi nyingine. Jaza, washa kidogo, zima, subiri dakika tatu, simamisha kwa stendi kubwa, futa kijiti cha kupimia, kwenye CG unakichovya tu bila kukikaza, oili iwe kati ya alama mbili. Ukizidisha itapanda mpaka kwenye ea klina. Kisha andika kilomita kwa maka peni kwenye kava la betri, ndani, pale maji hayafiki.