SOMO: Namna ya kuhakikisha fildi yako inahesabiwa krediti (Mtwara na Lindi)

Wadau, msimu wa fildi, yaani mafunzo kwa vitendo kazini, umekaribia na vijana wameshaanza kuzunguka ofisi za Mtwara mjini na bahasha mkononi. Mimi husimamia wanafunzi wa fildi huku Kusini. Kinachoniuma ni kumwona kijana aliyejituma wiki zote, kisha matokeo yanatoka na sehemu ya fildi iko wazi. Si kwamba alitega. Alifanya kazi ambayo chuo hakikuwa na pa kuiona, na somo hili ni la kuifanya ionekane.

Tuanze na hesabu. Kwa vyuo vyetu krediti moja ni saa 10 za kujifunza, na mwaka wa masomo ni krediti 120. Fildi iliyoandikiwa krediti 12 inakudai saa 120, na humo mna kazi yenyewe, kujaza logibuku (daftari la kazi zako za kila siku) na kuandika ripoti. Chuo hakilipi uchovu wako. Kinapima ulichojifunza ndani ya saa hizo.

Hatua ya 1: Soma mtaala wa kozi yako kabla ya kutafuta nafasi. Angalia msimbo wa kozi ya fildi, krediti zake, na kama umeisajili muhula huu. Hili la usajili wengi huliruka. Kozi ambayo hukuisajili haina pa kuwekewa alama, hata msimamizi akusifie vipi. Uliza pia kama alama zinaingia kwenye GPA (wastani wa alama zako) au ni kufaulu na kufeli tu.

Hatua ya 2: Chagua mahali kwa kufuata kalenda ya kazi, usifuate jina. Wengi wenu mnatoka Julai hadi Septemba. Mwanafunzi wa ushirika au uhasibu anakimbilia chama kikuu cha ushirika akitarajia kuona minada ya korosho, wakati korosho huanza kuuzwa Oktoba, yeye amesharudi chuoni. Lakini miezi hiyo haiko tupu. Kuna mauzo ya ufuta yanayomalizikia, kuna mbaazi, na vyama vya msingi vinaandaa maghala, magunia na mizani. Ukiomba kufuatilia stakabadhi ghalani, yaani mfumo wa kuuza mazao kupitia ghala, kwa zao la ufuta au mbaazi, unapata mzunguko mzima: mkulima anapima, mzigo unaingia ghalani, mnada unafanyika, malipo yanarudi kwa mkulima. Hiyo ni ripoti iliyonona.

Wa kilimo ndio wenye bahati. Kipindi hicho mikorosho inatoa maua na ugonjwa wa ubwiriunga unashambulia, wakulima wanapuliza salfa. Kituo cha utafiti cha TARI Naliendele kiko hapa hapa Mtwara, na shamba la karibu lina kila unachohitaji kukiona. Wa ugavi na usafirishaji watazame bandari. Wa uhandisi wanawaza gesi ya Madimba na kiwanda cha saruji cha Dangote, ila maombi huko ni mengi, hivyo peleka barua mapema na uwe na mahali pa pili. Halmashauri za Nachingwea, Newala au Ruangwa hupata maombi machache kuliko mjini, na afisa wa huko ana muda wa kukufundisha.

Hatua ya 3: Barua mbili. Ya utambulisho kutoka chuoni, na ya kukubaliwa kutoka ofisini. Kwa halmashauri andika kwa Mkurugenzi Mtendaji, pitisha masjala, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Ahadi ya mdomo ya mjomba wako usiitegemee.

Hatua ya 4: Wiki ya kwanza, kaa na msimamizi wako. Mpelekee yale ambayo mtaala unataka ujifunze, muyageuze kuwa kazi nne au tano za ofisi ile, kisha nyote mtie saini. Ukurasa huo mmoja ndio unaofunga kazi yako na krediti. Mhadhiri akija kukukagua, mwonyeshe huo kwanza.

Hatua ya 5: Logibuku kila jioni. "Nilisaidia uhasibu" haimwambii mtu kitu. Andika: "Nililinganisha hati za malipo na hati za kupokelea mali. Mbili zilitofautiana kiasi, nikamwonyesha mhasibu, tukakuta moja imeandikwa mara mbili." Hapo msomaji anaona umejifunza nini. Saini ichukuliwe kila wiki, maana msimamizi akihamishwa au akienda likizo, utabaki na daftari lisilo na shahidi.

Hatua ya 6: Ripoti, logibuku na fomu ya tathmini viwasilishwe kabla ya tarehe ya chuo. Baki na nakala za vyote.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo mwalimu. Niko fildi Masasi, wiki ya tatu sasa natumwa chai na fotokopi tu. Nifanyeje?
Marahaba mwanangu. Rudi kwa msimamizi na ule ukurasa wa Hatua ya 4, kwa heshima, uombe kazi moja tu kati ya zile, si zote. Wiki ikipita bila mabadiliko, mwandikie mratibu wa fildi chuoni. Usihame ofisi bila barua yake, utapoteza saa ulizokwisha kuzifanya.

Mimi tayari ni keshia wa SACCOS Lindi na nasoma jioni. Kazi yangu inaweza kuwa fildi?
Vyuo vingine hukubali, kwa masharti. Omba kabla ya msimu, si baada. Na uombe majukumu ambayo hujawahi kuyafanya, kwa mfano uchambuzi wa maombi ya mikopo, kwa sababu kuhesabu fedha unakujua tayari.

Mwalimu, msimamizi anadai nimtembelee nyumbani ndipo asaini. Naogopa kufeli.
Usiende, binti yangu. Kudai ngono ili mtu apewe haki yake ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Piga TAKUKURU namba 113, ni bure, na tunza jumbe zote alizokutumia. Chuoni mwambie mratibu au mlezi wa wanafunzi leo hii, waombe msimamizi mwingine. Fildi inaweza kurudiwa. Ukihitaji mtu wa kukusindikiza ofisini, niandikie faragha.

Bumu la fildi likichelewa?
Hela hiyo ya mkopo wa wanafunzi, panga kana kwamba haipo. Tafuta ofisi karibu na ndugu. Lindi hadi Mtwara ni zaidi ya kilomita 100, nauli ya kila siku haiwezekani.

Kaka yangu ni fundi magari Mikindani, hajasoma chuo. Uzoefu wake unaweza kuwa krediti?
Njia yake ni nyingine. Aende chuo cha ufundi cha VETA Mtwara aulizie urasimishaji wa ujuzi. Watampima kwa vitendo, watamwonyesha palipo na pengo na kumfundisha, kisha atapata cheti. Abebe kitambulisho, na aulize wanapokea maombi mwezi gani.